Kutoka Damu Nyeupe hadi Kromosomu ya Philadelphia

Kabla ya mwaka 1845 watu walikufa kwa lukemia kama wanavyokufa leo, ila hapakuwa na daktari aliyejua kilichowaua. Waliandikiwa homa, waliandikiwa kudhoofika, waliandikiwa uvimbe wa bandama. Mwaka 1827 Alfred Velpeau, daktari wa upasuaji mjini Paris, alisimulia habari za mgonjwa wa miaka 63, muuza maua, aliyepatwa na homa na unyonge huku tumbo likijaa kwa sababu ini na bandama vilikuwa vimevimba kupita kiasi. Alipopasuliwa baada ya kufa, damu yake ilikutwa nzito na iliyopauka, na Velpeau akaandika kwamba ilifanana na uji. Aliishia hapo. Hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani kimeipausha damu ile.

Njia ilikuwepo, nayo ni hadubini, lakini madaktari wengi wa wakati huo walikiona chombo hicho ni cha kuchezea. Alfred Donné, naye wa Paris, alikuwa mmoja wa wachache walioifundisha. Katika kitabu chake cha 1844 alieleza damu ya wagonjwa ambayo chembe nyeupe zilikuwa nyingi hata mtu angedhani imejaa usaha. Yeye aliamini kwamba chembe nyeupe hugeuka kuwa nyekundu zikikomaa, na kwamba kwa wagonjwa hao zimekwama kabla ya kukomaa. Kuhusu chembe nyeupe kugeuka nyekundu alikosea. Lakini wazo la chembe zilizokwama bila kukomaa lilikuwa na ukweli mwingi kuliko alivyojua mwenyewe, ingawa ilibidi lingoje zaidi ya miaka 50 kabla ya kupata watetezi.

Mwanzoni mwa 1845 fundi wa kuezeka paa, kijana wa miaka 28, alilazwa katika hospitali ya Edinburgh, Uskoti. Alikuwa amechoka kwa muda mrefu, na upande wa kushoto wa tumbo lake palikuwa na uvimbe uliokua polepole. Alifariki mwezi Machi. John Hughes Bennett ndiye aliyemchunguza. Bennett alikuwa amesoma Paris, akarudi kwao na tangu 1841 alikuwa akiwafundisha wanafunzi kutumia hadubini. Aliangalia damu ya marehemu akaona chembe nyeupe kila mahali, kwenye mishipa mikubwa na midogo, na katika makala aliyoitoa mwezi Oktoba akatangaza kwamba mtu huyo ameuawa na usaha uliozuka ndani ya damu yenyewe. David Craigie, wa mji huohuo, aliyewahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo miaka michache nyuma, alitoa habari zake wakati huohuo.

Wiki chache baadaye, huko Berlin, kijana ambaye hajafika hata miaka 25 alichapisha kurasa chache zenye kichwa cha maneno mawili tu: damu nyeupe. Huyo ni Rudolf Virchow, wa hospitali ya Charité. Mgonjwa wake alikuwa mpishi, mwanamke wa miaka 50, aliyeingia wodini na uvimbe wa miguu na tumbo, kikohozi, uchovu, na damu ya pua. Alifariki baada ya miezi kadhaa. Virchow alipoifungua maiti alikuta mishipa imejaa kitu cheupe cha kuelekea umanjano pale ambapo palipaswa kuwa na damu nyekundu. Hadi hapo hakuna tofauti na alichokiona Bennett. Tofauti ilikuja katika kufikiri. Usaha una chanzo: kidonda, jipu, mshipa uliowaka. Virchow alitafuta chanzo hicho asikione. Kuta za mishipa zilikuwa salama. Akarudi kwenye hadubini na kuuliza swali jepesi zaidi: je, hizi ni chembe ngeni, au ni zilezile za kila siku? Zilikuwa zilezile. Mtu mzima ana chembe nyeupe chache katikati ya umati wa nyekundu, na kwa mpishi yule hesabu hiyo ilikuwa imepinduka. Virchow hakudai kujua sababu. Alikataa hata kuupa ugonjwa jina lenye kubeba maelezo, na ilipofika 1847 ndipo alipouita leukämie, jina lililotufikia sisi kama lukemia.

Bennett alipigania maisha yake yote atambuliwe kuwa wa kwanza, na kwa tarehe alikuwa na haki. Lakini nionavyo mimi, anayeutambua ugonjwa ni yule aliyeona kwamba si kitu kingine. Kusema "huu si usaha" ndiyo ilikuwa hatua ngumu, kwa sababu chini ya hadubini ya siku zile chembe ya usaha na chembe nyeupe ya damu hazikuwa na tofauti hata kidogo.

Na wote wawili, usisahau, walikuwa wakizungumza juu ya maiti. Mwaka 1846 Henry Fuller, daktari wa hospitali ya St George's mjini London, alichukua damu ya mgonjwa aliyekuwa bado hai, akaiweka chini ya hadubini, akautambua ugonjwa kabla haujamaliza kazi yake. Ukiniuliza upimaji wa lukemia ulianza lini, nitakutajia mwaka huo.

Miaka 20 ikapita bila mtu kujua chembe zile zinatoka wapi. Bandama ilivimba, kwa hiyo bandama ikashukiwa. Tezi zilivimba, nazo zikashukiwa. Hakuna aliyefikiria mifupa, maana uboho ulionekana kuwa mafuta ya kujazia nafasi tu. Mwaka 1868 Ernst Neumann, wa Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad ya Urusi, alikamua uboho wa mifupa, akautazama, akagundua kwamba ndani yake chembe nyekundu za damu zilikuwa zikizaliwa. Giulio Bizzozero wa Pavia alifikia jambo hilohilo mwaka uleule. Wakubwa wa tiba walilipokea kwa mashaka. Miaka miwili baadaye Neumann alieleza habari za mtu aliyekufa kwa lukemia, ambaye uboho wake ulikuwa umepoteza wekundu na kuwa na rangi chafu ya manjano yenye ukijani. Kiwanda cha damu ndicho kilichokuwa kimeharibika, bandama ilikuwa ikibebeshwa tu.

Basi chanzo kilijulikana, lakini hapakuwa na njia ya kukifikia kwa mtu aliye hai. Kazi yote ilibaki kwenye damu ya kidoleni, na damu hiyo chini ya kioo haikuwa na rangi ya kutosha kuwatenganisha wakazi wake. Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna daktari aliyetazamia. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na kwa muda mfupi viwanda vya Ujerumani vikawa vinatengeneza rangi za kila namna kwa ajili ya vitambaa. Paul Ehrlich, mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa Silesia mwaka 1854, alizichukua rangi hizo za nguo na kuzijaribu kwenye chembe za mwili. Mwaka 1878 alitetea tasnifu yake juu ya jambo hilo huko Leipzig.

Alichokifanya kwenye damu ndicho kinachofanyika hadi leo, isipokuwa vitu vichache. Alitandaza tone jembamba juu ya kioo, akaliacha likauke, akalipasha moto ili lishike, kisha akalimwagia mchanganyiko wa rangi zenye tabia ya asidi na zile zenye tabia ya besi. Kila chembe ikachagua rangi yake. Kuna zilizonyonya eosini, rangi ya asidi, zikawa na punje nyekundu zinazong'aa, kuna zilizochukua rangi ya besi zikawa na punje za buluu nzito, na kuna zilizochukua kidogo huku kidogo kule. Kilichokuwa kundi moja la "chembe nyeupe" kikawa jamii kadhaa, kila moja na sura yake na hesabu yake. Kufikia 1891 Ehrlich aliweza kuugawa ugonjwa wenyewe: kuna lukemia ya ukoo wa chembe zinazotoka kwenye uboho, na kuna ya ukoo wa limfu. Katika historia hii ugonjwa ulianza kama kitu kimoja, na kila mtu aliyeleta jicho jipya aliuvunja vipande zaidi. Ehrlich alikuwa miongoni mwa walioanza kuvunja.

Mwaka huohuo wa 1891 Dmitri Romanowsky, huko St Petersburg, alichanganya eosini na bluu ya methilini ili avione vimelea vya malaria, akapata zambarau iliyotokeza viini vya chembe kuliko rangi yoyote ya awali. Mchanganyiko wake ulikuwa mgumu kuurudia. Leo ukifaulu, kesho umeharibika. Aliyeutuliza ni Gustav Giemsa, mwanakemia wa Hamburg, mwaka 1904. Kabla ya hapo, tangu 1895 hadi 1898, Giemsa alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, nchi ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Rangi iliyopewa jina lake ipo kwenye chupa katika maabara zetu kutoka Mtwara hadi Kisumu, na kazi yake ya kwanza ni malaria.

Jambo hili si la kupita nalo haraka. Huku kwetu mtoto mwenye lukemia huletwa hospitali akiwa na homa isiyokatika, amepauka, anaumwa mifupa, pengine ana madoa ya damu chini ya ngozi. Homa kwetu hutafutiwa malaria kwanza, na ni haki itafutwe. Anapewa dawa, anarudi. Anaongezewa damu, anapata nafuu, anarudi tena. Wakati mwingine anayeokoa siku ni mtaalamu wa maabara ambaye alipewa kioo aangalie vimelea tu, akaona pembeni chembe kubwa zisizo za kawaida: kiini kimejaza chembe nzima, kimelegea kama hakijasokotwa vizuri, ndani yake mna vidoa vyepesi, na punje zile za Ehrlich hazipo. Hizo ni chembe changa, ambazo mahali pake ni ndani ya mfupa. Akiandika sentensi moja chini ya majibu ya malaria, safari ya mtoto inabadilika. Akikaa kimya, mtoto anarudi nyumbani na dozi nyingine. Katika mlolongo mzima wa vipimo nitakavyovieleza sijui kilicho na thamani kuliko sentensi hiyo.

Chembe changa ndizo zilizorudisha wazo la Donné la chembe zilizokwama. Mwaka 1900 Otto Naegeli, wa Uswisi, alitenga na kuielezea mama wa chembe za uboho, iliyopaswa kukomaa na haikukomaa. Mwaka 1906 John Auer, akiangalia damu ya kijana wa miaka 21 aliyelazwa Johns Hopkins, Baltimore, aliona vijiti vyembamba vyekundu ndani ya chembe hizo. Vijiti vya Auer ni moja ya alama chache ambazo, ukiziona, hubahatishi tena: hiyo ni lukemia ya ukoo wa uboho. Tofauti ya lukemia inayokwenda kwa kasi na ile inayokaa miaka ilianza kueleweka pia. Ya kasi imejaa chembe zisizokomaa kabisa. Ya polepole ina chembe za kila umri, ila nyingi kupita kiasi.

Idadi yenyewe ilikuwa na hila zake. Tangu Wallace Coulter wa Chicago apate hataza ya mashine yake mwaka 1953, kuhesabu damu hakukuhitaji tena jicho: chembe hupitishwa moja moja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme, na kila inapopita hukwamisha mkondo kidogo, mashine ikahesabu. Majibu ya picha kamili ya damu tunayopewa leo kwenye karatasi yana asili yake hapo. Lakini mtu mwenye maambukizi makali anaweza kuwa na chembe nyeupe nyingi mno bila kuwa na saratani, na mwenye lukemia ya kasi anaweza kuwa na idadi ya kawaida, au hata pungufu, kwa sababu chembe mbovu zimejifungia ndani ya mfupa. Kinachomshtua daktari ni mkusanyiko: chembe nyekundu zimeshuka, chembe sahani zimeshuka, na nyeupe hazieleweki. Hapo lazima aende kwenye kiwanda chenyewe.

Mlango wa kiwanda ulifunguliwa Leningrad. Kabla ya hapo kuupata uboho kulihitaji kutoboa au kukata mfupa kwa upasuaji, kama alivyofanya Giovanni Ghedini wa Italia mwaka 1908 kwenye mfupa wa muundi, na si wagonjwa wengi waliokubali. Mwaka 1927 Mikhail Arinkin alichukua sindano ya kawaida, ile ya kutoa maji ya uti wa mgongo, akaiingiza kwenye mfupa wa kidari, akavuta. Ukuta wa mfupa huo ni mwembamba na uboho uko karibu, ila moyo nao uko nyuma yake. Ndiyo sababu siku hizi madaktari hupendelea mfupa wa nyonga kwa nyuma, mbali na viungo vya hatari. Mwaka 1971 Khosrow Jamshidi, mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Marekani, alitoa muundo wa sindano inayokata kipande kizima cha mfupa na uboho wake bila kukisaga.

Mgonjwa hulala ubavu, magoti yamekunjwa. Daktari hupapasa mgongoni chini kiunoni mpaka apate kilele cha mfupa wa nyonga, anasafisha, anachoma ganzi kwenye ngozi hadi kwenye utando wa mfupa. Anangoja. Sindano nene inaingia kwa kuzungushwa huku na huku, na daktari husikia mkononi pale inapovuka ukuta mgumu na kuingia palipo laini. Kisha anavuta bomba. Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa kuwa ganzi haifiki ndani ya mfupa, na uboho unapovutwa mtu husikia mvuto mkali unaoshuka mguuni kwa sekunde chache. Vinatoka vijiko vichache vya kitu kinachoonekana kama damu tupu, lakini mtaalamu akikimwaga juu ya kioo na kukiinamisha, damu hutiririka na kuacha punje ndogo ndogo za kijivu. Punje zisipokuwepo, kilichovutwa ni damu na si uboho, na kazi inaanza upya. Punje zikiwepo, zinapakwa kwenye vioo, zinatiwa rangi, na mtu anakaa kuhesabu chembe mia kadhaa kwa jicho.

Uboho wa mtu mzima una chembe changa chini ya 5 katika kila 100. Mwaka 1976 kundi la wataalamu kutoka Ufaransa, Marekani na Uingereza lilikubaliana kwamba zikifika 30 ni lukemia ya kasi. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliushusha mpaka huo hadi 20. Mtu anaweza kushangaa kwamba ugonjwa mzito hivi umewekewa mstari kwa makubaliano, lakini bila mstari mmoja daktari wa Nairobi na wa Mumbai wasingeweza kulinganisha wagonjwa wao wala dawa zao.

Hata hivyo jicho lilikuwa limefika mwisho wake. Chembe mbili zenye sura moja zilikuwa zikitenda mambo tofauti, na sababu haikuonekana kwenye rangi ya Giemsa. Ilikuwa ndani ya kiini.

Kwamba mwanadamu ana kromosomu 46 ni jambo lililochapishwa mwaka 1956 tu, na Joe Hin Tjio na Albert Levan waliofanya kazi Lund, Uswidi. Katika miaka hiyohiyo, Philadelphia, Peter Nowell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikuwa akikuza chembe za wagonjwa wa lukemia kwenye chupa. Alisuuza vioo vyake kwa maji ya bomba. Chembe zikavimba, na zile zilizokuwa zikigawanyika zikatawanya kromosomu zake zikaonekana wazi. Nowell hakuwa mtaalamu wa kromosomu, akamtafuta David Hungerford, kijana aliyekuwa akizisomea katika taasisi ya saratani ya mji huo. Jambo jingine likawasaidia: utomvu wa maharage mekundu, uliokuwa ukitumiwa maabara kushikamanisha chembe nyekundu ili ziondolewe, ulikutwa unazichochea chembe nyeupe zigawanyike. Nowell aliliandikia hilo makala mwaka 1960.

Hungerford akaangalia chembe za watu wenye lukemia ya polepole ya ukoo wa uboho. Kromosomu moja ilikuwa fupi kuliko inavyopaswa kuwa. Akaangalia mgonjwa mwingine, akaikuta. Taarifa fupi waliyoitoa mwaka 1960 ilikuwa na wagonjwa 7, na kromosomu ile ikaitwa kwa jina la mji wao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa saratani ya binadamu kufungwa na kasoro moja ya kudumu kwenye urithi wa chembe. Wengi hawakuamini. Walisema kasoro ni matokeo ya ugonjwa, si chanzo, na kipande kilichopotea hakuna aliyejua kimekwenda wapi.

Aliyekipata ni mama wa watoto wanne. Janet Rowley alikuwa daktari wa Chicago ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache kwa wiki ili alee wanawe. Alikwenda Oxford na mumewe, akajifunza mbinu mpya ya kupaka kromosomu rangi ya kwinakrini, ambayo ni dawa ya malaria waliyomeza askari wa Vita vya Pili vya Dunia. Chini ya taa maalumu kila kromosomu iliyopakwa kwinakrini huonyesha mistari yake, mipana na myembamba, na kwa hiyo hutambulika bila kuchanganywa na nyingine. Aliporudi Chicago alipiga picha za chembe za wagonjwa, akazichukua nyumbani, akazikata kwa mkasi kromosomu moja moja na kuzipanga juu ya meza ya chakula. Watoto walimtania kwamba anacheza na vikaragosi vya karatasi, naye aliwaomba wasipige chafya.

Mwaka 1972, juu ya meza hiyo, aliona kwamba kromosomu ya 22 iliyopungua ilikuwa na mwenzake aliyeongezeka: ya 9 ilikuwa na kipande cha ziada mwishoni. Kipande hakikupotea. Kilikuwa kimehamia kwa jirani. Kabla ya hapo alikuwa ameona ubadilishanaji mwingine, kati ya ya 8 na ya 21, katika lukemia ya kasi. Makala yake ya 1973 katika jarida la Nature ilitegemea kwinakrini pamoja na rangi ya Giemsa. Mfamasia aliyewahi kufanya kazi kwetu alikuwa amefika na jina lake hadi ndani ya kiini.

Mwaka 1977 Rowley na wenzake walionyesha ubadilishanaji wa tatu, kati ya kromosomu ya 15 na ya 17, na huu ndio unaonifanya niamini kwamba katika ugonjwa huu kupima ni nusu ya kutibu. Mwaka 1957 Leif Hillestad wa Norway alikuwa ameeleza wagonjwa watatu wa lukemia yenye ubadilishanaji huu, iliyoua kwa wiki chache, na wote walivuja damu pasipo kuzuilika. Aliiona ni ya kutisha kuliko nyingine zote. Katika miaka ya 1980 Wang Zhenyi, wa hospitali ya Ruijin mjini Shanghai, alijaribu kuzikomaza chembe badala ya kuziua, kwa kutumia asidi inayotokana na vitamini A. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 24, na karibu wote ugonjwa ulikuwa umerudi nyuma. Lukemia iliyokuwa ya kutisha kuliko zote leo ni miongoni mwa zinazoponyeka zaidi, kwa sharti moja. Itambuliwe mapema. Daktari akiona kwenye kioo chembe zilizojaa punje na vijiti vya Auer vimefungana mafungu mafungu, hangoji kromosomu. Anaanza dawa usiku uleule, halafu kipimo cha 15 na 17 kinakuja kuthibitisha au kumrudisha nyuma.

Kwa lukemia nyingine za kasi swali kubwa ni ukoo: ni ya limfu au ya uboho, na kama ni ya limfu, ni ya kundi B au T. Jibu lilikuja kutokana na kazi mbili zilizokutana. Huko Stanford, Leonard Herzenberg na wenzake walijenga mashine inayopitisha chembe moja moja mbele ya mwanga wa leza. Huko Cambridge, mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu, kila moja ikishika alama moja tu juu ya chembe. Alama hizo zikapewa namba. Chembe ikiwaka kwa CD19 ni ya B, ikiwaka kwa CD3 ni ya T, CD33 huelekeza kwenye uboho. Maelfu ya chembe husomwa kwa dakika chache. Mtoto mwenye lukemia ya limfu hutolewa pia maji ya uti wa mgongo, kuangalia kama ugonjwa umekimbilia kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi za damu hazifiki.

Turudi kwa kromosomu ya Philadelphia. Katika miaka ya 1980 ilibainika kwamba pale 9 na 22 zilipounganishwa, jeni mbili, BCR na ABL, zilikuwa zimeshikana na kuzaa protini isiyozima. Brian Druker wa Oregon alisimamia majaribio ya dawa ya kuizima, imatinibu, nayo ikaidhinishwa Marekani mwezi Mei 2001. Kampuni iliyoitengeneza na Max Foundation walianzisha mpango wa kuitoa bure kwa nchi zisizoweza kuinunua, na wagonjwa wa Nairobi na Dar es Salaam wakawa miongoni mwa waliofikiwa. Lakini mpango ulidai uthibitisho kwamba mgonjwa anayo kromosomu ile. Mtu mwenye bandama iliyofika kitovuni, mwenye picha ya damu isiyo na shaka, alipaswa kungoja sampuli yake isafirishwe na majibu yarudi, huku dawa ya bure ikiwa ipo. Sharti hilo lilikuwa sahihi kitabibu, kwa kuwa dawa ililengwa kwenye kosa hilo. Ila liliifanya maabara kuwa ndiyo mlango wa uhai.

Siku hizi jeni hiyo iliyoungana hutafutwa kwa PCR, mbinu ya kurudufu vinasaba iliyobuniwa mwaka 1983, na inaweza kuonekana hata ikiwa kwenye chembe moja kati ya laki moja. Mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali zetu nyingi zinaifahamu kwa kifua kikuu, ina katriji yake ya BCR-ABL. Damu ya mkononi inatosha, na majibu hutoka ndani ya saa chache. Kinachosomwa ni asilimia. Miezi 3 baada ya kuanza dawa inatarajiwa iwe chini ya 10, miezi 6 chini ya 1, na mwaka ukitimia chini ya 0.1. Isiposhuka, daktari humuuliza mgonjwa kwanza kama anameza dawa kila siku, kisha hutafuta kama protini imebadilika umbo na kuikwepa dawa.

Kuna ambao asilimia yao hushuka hadi isionekane. Mwaka 2010 François-Xavier Mahon wa Bordeaux na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 100 waliokaa angalau miaka 2 bila jeni hiyo kuonekana, kisha wakaachishwa imatinibu. Baada ya mwaka mmoja, takriban 4 katika kila 10 walikuwa bado wazima bila dawa. Wengine ugonjwa uliwarudia, wengi wao katika miezi 6 ya mwanzo, ukaonekana kwenye PCR kabla mwili haujahisi lolote, wakarejeshewa dawa na wakapata nafuu tena. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu damu yao ilipimwa mara kwa mara. Mgonjwa anayeishi mahali ambapo kipimo hicho hupatikana mara moja kwa mwaka, hata awe amepona kwa kila dalili, daktari wake bado hana njia salama ya kumwambia aache vidonge.